Siku yangu kwa mashine za mbao, Gikomba

Saa 12 asubuhi nishapanda matatu Kayole. Nikifika Gikomba lori ya saipras iko inashusha. Watu wakisikia nafanya mbao wananiuliza kitanda ni ngapi, na mimi sio seremala, mimi ni wa mashine. Seremala ananiletea mbao, namnyooshea na kumkatia saizi, anaenda kuunda.

Saa 1 nazima swichi kubwa ya ukutani kabla sijagusa visu za plena, mashine ya kunyoosha uso wa mbao. Zikiwa butu mbao inatoka na manyoya, alafu lawama ni yangu.

Saa 2 jamaa kaleta mbao kumi za inchi 6x1, zimejipinda, anataka zipite mashine ya tiknesa tu ndio asilipie plena. Nikamwambia, mkubwa, tiknesa inasawazisha unene basi, rola zinaubonyeza ubao ukiwa ndani ukitoka unajipinda vilevile, tofauti ni sasa umekuwa mwembamba. Lazima upande mmoja unyooke kwa plena kwanza. Akakubali shingo upande, alafu akatoa tepu eti nimekula mbao yake, inchi imekuwa milimita 20. Hata yadi ya mbao alikonunua haikumpimia inchi kamili, mimi ningeitoa wapi?

Saa 5 kijana kaja na mahogani za nyumba iliyobomolewa, mbao safi sana, ananiapia ametoa misumari yote. Nikapitisha sumaku yangu (niliitoa kwa spika mbovu), ikavutwa mahali hakuna hata shimo. Kuangalia karibu kuna doa jeusi kama tone la wino, hivyo ndio chuma hufanya kwa mbao kama hizo. Nikachokora na patasi, msumari huo hapo umekatika kichwa. Ungeingia ungepasua visu zote na vipande virukie uso wangu.

Chakula ni chapo madondo, haraka.

Saa 8 plena ikaanza kuguna bila kuzunguka. Fezi moja imepotea, yaani laini moja kati ya tatu za stima haina moto. Hapo ni kuzima saa hiyohiyo, mota ya fezi 3 ukiilazimisha na 2 inaungua. Masaa mawili tumekaa, wateja wananuna kama mimi ndio nimekata stima.

Ikarudi saa 10 na foleni imejaa, kila mtu "fundi mimi kidogo tu". Saa kama hii ndio mzee aliyenifunza alipoteza vidole 2, alisukuma kipande kifupi kwa mkono. Mimi kipande kifupi nasukuma na kijiti, na kama ni kifupi sana nakurudishia, ununue randa ya mkono.

Saa 12 jioni mama wa kuku kaja kubeba maranda. Anawatandikia kuku, kwa hivyo nilimwekea ya saipras peke yake, isichanganyike na ya mbao zenye dawa ya wadudu, lakini huyu mama haamini mtu, amefungua kila gunia akachota mkono mzima akanusa kama unga. Gunia la tatu akalirudisha.

"Hii iko na dawa."

Nikanusa pia. Ilikuwa nayo.