Mguu wa Kushoto Uliogoma

Kutoka mlangoni hadi kwenye kiti ni hatua sita hivi. Yeye alitumia kumi na mbili. Mimba ya pili, wiki ya 31. Kabla hajaketi niliona mkanda aliojifunga: ulipita juu ya tumbo, karibu na mbavu, umebana hadi ukamwachia alama.

“Nesi, mtoto ameshashuka?” akauliza. “Nasikia mfupa wa huku mbele kama unataka kupasuka.”

Kabla ya kumjibu kuhusu mfupa, ilibidi niondoe mengine kwanza. Anatokwa na damu au maji? Tumbo linakaza na kuachia kwa vipindi? Mkojo unachoma, au unamtoka bila habari? Homa? Ganzi katikati ya mapaja? Yote hapana, na mtoto alikuwa anacheza kama kawaida. Mkojo ukapimwa, ukawa safi. Ndipo nikamuuliza: inauma ukifanya nini? Akataja kugeuka kitandani, kupanda ngazi, kushuka kwenye gari, na kuvaa suruali akiwa amesimama. Katika yote manne, ama miguu inaachana, ama mguu mmoja unabeba uzito wote. Swali hilo moja lilinipa zaidi ya kipimo chochote siku ile.

Fupanyonga ni pete. Nyuma ina viungo viwili, kulia na kushoto, pale mwisho wa uti wa mgongo unapopachikwa. Mbele ina kiungo kimoja cha gegedu, kwenye kinena. Pengo la kiungo hicho cha mbele huwa milimita 4 hadi 5, na ujauzito huongeza 2 au 3. Wengi huilaumu homoni ya relaksini kwa kulegeza kano, nayo inachangia, lakini kila mjamzito hulegea na ni kama mmoja kati ya watano tu anayeumia namna hii. Shida kubwa huja upande mmoja unaposogea tofauti na mwenzake, misuli isiweze kuudhibiti. Mtoto hadhuriki. Nilimwambia hilo mapema, maana ndilo lililokuwa likimnyima usingizi kuliko maumivu yenyewe.

Nikamlaza chali kwa muda mfupi, nikamwomba ainue mguu wa kushoto, goti limenyooka, sentimita 20 tu. Mguu ukagoma. Nikashika nyonga pande zote mbili kwa viganja, nikabana kuelekea katikati, nikamwambia ajaribu tena. Ukapanda. Akacheka, akataka turudie.

Kwa hiyo mkanda ungemsaidia, ila si pale alipoufunga. Nikaushusha chini ya tumbo: mbele upite kwenye kinena, pembeni uzunguke mifupa inayochomoza juu ya mapaja. Auvae akiwa kwenye shughuli, auvue akilala. Ukikaa juu kiunoni unabana tumbo tu, pete inabaki ilivyo.

Muda mrefu zaidi tuliutumia kitandani. Kunja magoti, moja baada ya jingine. Bana mto katikati yake. Kaza makalio, toa pumzi, kisha mabega, nyonga na magoti vigeuke pamoja kama gogo. Mara ya kwanza goti la juu lilitangulia, akapiga kelele: goti likitangulia, pete inapindwa. Mara ya nne akageuka kimya. Kuamka ni kwa ubavu, miguu yote miwili ishuke pamoja huku mkono ukisukuma. Wakati wa kulala, mto ufike hadi vifundoni; ukiishia magotini, mguu wa chini unaning’inia na kuvuta nyonga.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Nguo avae ameketi. Kwenye gari aketi kwanza, kisha azungushe miguu yote miwili pamoja. Ngazi apande kwa mguu mzima, ashuke kwa ule unaouma, daraja moja moja.

Alikuwa ameshauriwa alale tu, na alikuwa amelala wiki mbili. Misuli inayotakiwa kuishika pete ilikuwa imezidi kudhoofika. Nikampa zoezi la kukaza misuli ya sakafu ya nyonga, kama anayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, akihesabu hadi 10 bila kuzuia pumzi, mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Asiyefika 10 aanze na 3. Kutembea kwa vipande vifupi, na kupumzika kabla maumivu hayajapanda.

Alipokuwa akifungua mkoba, pakiti ya ibuprofeni ikaonekana. Hiyo ilinishtua kuliko mkanda. Baada ya wiki ya 20 inaweza kuathiri figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi. Kadiri mimba inavyokua, inaweza pia kubana mshipa ulio karibu na moyo wa mtoto. Tukabadilisha kwa parasetamoli, kwa kipimo kilichoandikwa.

Alirudi wiki ya 37. Maumivu yalikuwa yamepungua, hayakuwa yameisha. Nikamketisha, nikamwomba aachanishe magoti mpaka pale tu yanapoanza kuuma, nikapima kwa utepe: sentimita 36. Nikaandika kwenye kadi yake kwa herufi kubwa, waisome watakaomzalisha: MAGOTI YASIZIDI 36. AZAE KWA UBAVU AU AMEPIGA MAGOTI. AKICHOMWA GANZI, MSISAHAU, MAANA HATAHISI.