Nani anamchotea maji?
Wanafunzi wangu wa uuguzi tukipanda Kibosho, mlimani Kilimanjaro, kuwatembelea wazee, nawakataza kutoa fomu kabla ya shikamoo na maongezi kidogo ya migomba. Kipimo cha Katz, cha kuona kama mzee anajitegemea, kinauliza mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka kitandani, kuzuia haja na kula. Sawa. Lakini bibi ukimuuliza kama anaoga mwenyewe, atasema ndiyo, tena kwa fahari. Muulizeni nani anamchotea maji, na choo kiko wapi usiku wa mvua, kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, kikiteleza. Kisha ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi kuketi. Akichukua sekunde 12 au zaidi, yuko katika hatari ya kuanguka siku moja. Na mkwe anayemjibia kila swali? Mwombeni chai, aende jikoni.