Jinsi nilivyopunguza sertraline kutoka miligramu 100 hadi 50

Nilitibiwa sonona kwa sertraline miligramu 100 kwa siku. Dawa ilifanya kazi yake, ila iliniachia kichefuchefu, jasho na hamu ya tendo la ndoa iliyozimika. Kabla ya kugusa dozi nilitenganisha madhara hayo, kwa maana si yote yanayoisha kwa kupunguza.

Kichefuchefu hutoka utumboni, ambako ndiko iliko nyingi ya serotonini ya mwili, kemikali ambayo dawa hii huiongezea nguvu. Mara nyingi hutulia baada ya wiki mbili hivi. Kinachosaidia ni kumeza kidonge katikati ya chakula: mahamri na mbaazi vyatosha, chai ya rangi tupu haitoshi. Ramadhani, dozi ya mara moja kwa siku huhamia kwenye futari; ikiwa inakukosesha usingizi, imeze na daku.

Jasho halitulii hivyo. Linaweza kuendelea muda wote uko kwenye dawa, na msimu wa joto wa kaskazi Mombasa shati hulowa ukiwa umekaa tu kivulini. Kunywa maji, lakini usipitilize. Mtu mzima anayetumia pia dawa za presha za kukojosha, akianza kuumwa kichwa, kulegea na kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali apimwe sodiamu (chumvi ya damu), kwani sertraline inaweza kuishusha.

Hilo la chumbani ni nadra kuondoka lenyewe. Mwambie daktari waziwazi, maana asipoambiwa huenda asiulize, na anaweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa.

Sharti la kwanza la kupunguza ni kuwa umepona na ukakaa angalau miezi sita bila dalili. Aliyewahi kurudiwa na ugonjwa hukaa zaidi. Sharti la pili ni langu mwenyewe: nisianze Ramadhani wala kaskazi. Usingizi ukikatwa na daku au joto, utashindwa kujua kama ni dawa au ni msimu. Nilingoja kusi, msimu usio na joto kali, nikaenda kliniki na daftari lenye safu nne: usingizi, hamu ya kula, jasho na hali ya moyo kuanzia 0 hadi 10.

Tulishuka hadi 75, yaani kidonge kimoja na nusu cha 50. Kata kwenye kistari kwa kikata vidonge cha duka la dawa; kisu cha jikoni huvunja vipande visivyolingana. Tukangoja wiki nne, kisha 50. Usiruke siku ukidhani unapunguza: nusu ya sertraline hutoka mwilini kwa takriban siku moja, kwa hiyo kuruka kunapandisha na kushusha dawa kila mara.

Kwenye 50 jasho lilipungua, hamu ya tendo la ndoa ikarudi kiasi, alama za hali ya moyo hazikushuka. Tukakubaliana nibaki hapo. Anayetaka kuacha kabisa ajue kwamba ngazi za chini ndizo ngumu. Miligramu 50 tayari huziba karibu asilimia 80 ya milango inayorudisha serotonini ndani ya seli, kwa hiyo kutoka 50 hadi 0 ubongo unaona shimo kubwa kuliko kutoka 100 hadi 50. Aombe hatua ndogo, 37.5, 25, 12.5, kila moja kwa wiki kadhaa.

Kizunguzungu, ndoto kali na mshtuko kama wa umeme kichwani, vikianza siku chache baada ya kupunguza, ni mwili unaoidai dawa. Ukirudi dozi ya awali hupoa haraka. Sonona inayorejea huja taratibu, kwa wiki, na haina umeme huo: unaanza kukwepa watu, chakula hakina ladha, unaamka alfajiri na uzito. Hapo rudi kliniki bila kungoja tarehe yako. Mawazo ya kujiua yakija, usikae peke yako. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Muguka, majani ya kutafuna yanayochangamsha, nao huvuruga usingizi na kupandisha wasiwasi, kwa hiyo wiki za kupunguza uweke kando. Na ukinunua dawa ya maumivu, mtajie mfamasia sertraline kwanza: tramadol inaweza kuzidisha serotonini hadi hatari, na diclofenac huongeza uwezekano wa kutokwa damu tumboni.