Cheni Mpya, Meno Yaliyokwisha: Siku Moja ya Fundi wa Baiskeli

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nafungua kibanda changu kando ya Barabara ya Jogoo, Nairobi. Wa kwanza huwa ni wale wanaoendesha kwenda kazini Viwandani: upepo, kiraka cha tyubu, waya wa breki uliolegea. Saa mbili wameshapita.

Saa tatu inaletwa Black Mamba, ile baiskeli nzito ya mizigo, ya kusambaza mkate. Breki zake hazina waya. Ukikamata kishikio, fimbo za chuma zinavuta raba zikabana rimu kwa ndani. Raba za mbele zilikuwa zimelika mpaka chuma kinakwaruza rimu. Nikabadilisha zote mbili, nikasugua rimu. Mzigo ule wa mkate ukiteremka mlima bila breki, mtu anaumia.

Saa nne akaja kijana na baiskeli ya mtumba ya gia saba, cheni mpya mkononi.

"Fundi, niwekee hii tu. Dakika tano."

"Ngoja nipime kwanza, ndugu yangu."

"Upime nini? Cheni ni cheni."

Nikamwekea rula juu ya ile ya zamani. Kutoka pini hadi pini ni nusu inchi, kwa hiyo kwenye cheni mpya inchi 12 zinaangukia pini katikati kabisa. Cheni ikilika hurefuka: ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha cheni mapema uokoe friwili, yale magurudumu ya meno ya nyuma yanayovutwa na cheni. Yake ilizidi kwa zaidi ya moja ya nane. Meno ya friwili, hasa ya gia ndogo anazozitumia kila siku, yalikuwa yamechongoka kama miiba. Nikamwambia cheni mpya itaruka kwenye meno hayo.

"Nyinyi mafundi mnapenda kutuuzia vitu."

Neno hilo huniuma kila ninapolisikia. Watu hudhani kazi yetu ni nyundo na maneno mengi, kumbe nusu yake ni kupima na kutazama. Nilimwekea cheni yake alivyotaka. Akaenda mpaka kona, akasimama juu ya pedali, nikasikia "krak!" kutoka nilipokuwa. Akarudi amekasirika, eti nimefunga vibaya. Akampigia simu kaka yake, nikaelezwa kazi yangu na mtu ambaye hajaiona baiskeli. Jua linawaka, wateja wengine wamepanga foleni, naye hataki kusogea. Nikamshikisha friwili ya zamani na mpya, akapapasa meno kwa kidole mwenyewe. Hapo akanyamaza.

Kuitoa ndiyo shughuli. Friwili hujikaza yenyewe kila unapokanyaga pedali. Nikabana kifungulio cha friwili kwenye vaisi, kile kibano cha chuma cha mezani, tukazungusha gurudumu watu wawili kwa nguvu zote mpaka ikaachia. Nyuzi za habu, kitovu cha gurudumu ambapo friwili hufungwa, nikazipaka grisi ili fundi atakayefuata asiteseke. Kijana akasimama tena juu ya pedali: kimya. Akalipa, akaenda.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena, na mgongo ulikuwa unalalamika. Mmoja alikuwa amepulizia oili diski ya breki kwa sababu inapiga kelele. Pedi zikinywa oili hazishiki tena. Nikaweka mpya, diski nikaifuta kwa spiriti. Mwingine alikuwa anapaka cheni oili chafu ya injini. Oili ile ina uchafu wa chuma, inasaga pini na meno. Tone moja la oili safi kwa kila rola, kile kipande cha duara kwenye kila kiungo cha cheni, kisha ufute nje: inatosha.

Jioni nikifunga kibanda, simu ikalia: mama mmoja yuko dukani, anunue cheni gani? Nikamwambia ahesabu gia za nyuma. Zikiwa sita, saba au nane, upana wa cheni ni mmoja. Tisa na kumi zina cheni zao nyembamba zaidi. Akahesabu tukiwa kwenye simu. Tisa. Nikamwomba arudishe pesa mkobani, aje na baiskeli Jumamosi tuipime kwanza.