Asilimia 40 ya nini? Nilivyojifunza kuandika habari za sayansi Morogoro

Kwenye chumba chetu cha habari, stori ya sayansi ilikuwa na sura moja. Mgeni rasmi kafungua semina, kawataka watafiti washushe matokeo yao kwa wananchi, picha ya pamoja imepigwa, basi. Utafiti wenyewe, yaani kilipimwa nini, kwa watu gani, kikaonekana nini, uliambulia sentensi moja karibu na mwisho, na nafasi ikibana hiyo ndiyo inayokatwa kwanza. Mimi nilikuwa naandika za mahakamani na za halmashauri. Nilipoambiwa kuna warsha ya uandishi wa habari za sayansi Morogoro, sitadanganya, swali langu la kwanza lilihusu posho.

Posho ilikuwepo, ya kawaida tu. Ila haikuwa warsha ya kukaa, kunywa chai na kupiga makofi kila mada inapoisha. Mkufunzi wetu alikuwa mhariri mstaafu, mama mtu mzima ambaye sote tuliishia kumwita Mama tu. Alitupa sharti siku ya kwanza: kila mshiriki atatoka na stori iliyokamilika, na yeye hataisoma mpaka mwandishi amjibu maswali mawili juu ya kila takwimu iliyomo. Ya nini? Ikilinganishwa na nini?

Ukiwa Morogoro na unatafuta stori ya sayansi, huendi mbali. Pale SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kuna panya buku wa shirika la APOPO, lililoanzia Ubelgiji miaka ya 1990 na kuhamia Tanzania mwaka 2000. Wapo wanaofundishwa kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na wapo wanaofundishwa kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Magawa, aliyezaliwa hapo hapo SUA na kwenda kufanya kazi Kambodia, alipewa nishani ya dhahabu ya PDSA, shirika la hisani la wanyama la Uingereza, mwaka 2020, panya wa kwanza kuipata. Karibu kila mwandishi ninayemjua amewahi kuwaandika panya hawa, au kunakili kwa aliyewaandika. Kwa hiyo nilipotaja panya wa kifua kikuu kama stori yangu, wenzangu waliangua kicheko. "Dada, hiyo imeandikwa mpaka imechakaa."

Mama akasema, "Mwacheni. Iliyochakaa ndiyo tutajua kama kuna aliyewahi kuiuliza maswali."

Akaanza na mstari ambao utaukuta kila mahali: panya wameongeza ugunduzi wa wagonjwa wa kifua kikuu katika kliniki washirika kwa asilimia 40. Akalitupia darasa swali: kwa maana hiyo, kliniki zilikuwa zinawakosa wagonjwa asilimia ngapi? Nusu ya darasa ikajibu arobaini. Hakubisha. Alikusanya vizibo vya soda vilivyobaki mezani, akavipanga kumi. Hawa ndio waliogunduliwa na kliniki. Akaongeza vinne. Hawa wameletwa na panya. "Sasa hesabuni. Vinne kati ya vingapi?" Vinne kati ya kumi na nne, na hiyo haifiki asilimia 29. Asilimia 40 ni nyongeza juu ya walioonekana na kliniki, siyo sehemu ya wagonjwa wote. Kisha akaweka kidole mezani, pembeni, mahali pasipo na kizibo. "Na wale ambao kliniki haikuwaona, panya naye hakuwaona, mtawaweka wapi?"

Nimeandika habari za bajeti miaka yote hiyo na sikuwahi kuona mtu akiifungua asilimia kwa namna ile.

Swali la pili lilinichukua muda zaidi, kwa sababu jibu lake halikuwa kwenye taarifa kwa vyombo vya habari. Ilibidi nisome makala ya kitafiti yenyewe, na hapo ndipo Mama alipotufundisha kusoma kwa kuruka: muhtasari uusome ujue wanadai nini, kisha nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mbinu na kwenye majedwali, ndipo urudi. Hitimisho liache la mwisho, maana huko ndiko watafiti nao hujiachia kidogo. Kwenye mbinu nikakuta kwamba panya walilinganishwa na hadubini ya kliniki. Hadubini inahitaji bakteria wengi kwenye makohozi ndipo mtaalamu wa maabara awaone, na watoto na watu wanaoishi na VVU mara nyingi hawana wengi kiasi hicho. Lakini tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limependekeza kipimo cha GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya bakteria, ambacho kinaona zaidi ya hadubini. Nyongeza ya asilimia 40 juu ya hadubini haikuambii nyongeza itakuwa kiasi gani mahali ambapo mashine hiyo inatumika. Hilo halimpunguzii panya heshima. Kliniki isiyo na mashine bado ina shida ile ile. Ila msomaji anastahili kujua mbio zilikuwa kati ya nani na nani.

Tulipokwenda kuwaona panya wenyewe, nilishatayarisha maswali yangu, na jambo lililonisaidia kuliko yote halikuwemo. Panya anaingizwa kwenye kizimba cha kioo chenye matundu sakafuni, na chini ya matundu wanapitisha mstari wa sampuli kumi. Sampuli zimeshapashwa moto kuua vimelea. Panya anapita tundu moja baada ya jingine, haraka haraka, pua chini. Akikuta harufu anayoitaka anasimama na kuganda juu ya tundu kama sekunde tatu, wakati mwingine anaparua. Kinasikika kidude kikilia "tik", naye anakimbilia pembeni kulamba uji wa ndizi kwenye bomba la sindano. Wote tulikuwa tunapiga picha za kulamba, maana ndizo zinazopendeza.

Halafu akasimama juu ya tundu jingine, akaganda vile vile, na hakuna kilicholia. Akasubiri. Akaondoka kuendelea na kazi.

Nikamuuliza kijana anayemwongoza: huyu mbona hakupewa? Akajibu bila hata kugeuka, "Lile, dada, hatujui bado." Wanamzawadia kwa sampuli ambazo zinajulikana kuwa na ugonjwa. Zile ambazo kliniki ilisema hazina kitu, panya akizisimamia, hawezi kupewa chochote, kwa kuwa hakuna mwenye uhakika. Zinapelekwa kwanza maabara kupimwa upya, zikithibitika ndipo kliniki inajulishwa. Na si kila anayosimamia panya huthibitika.

Pale pale nilijua stori yangu inaanzia kwenye tundu lisilolia. Kila stori niliyokuwa nimeisoma ilisema panya humaliza sampuli mia kwa dakika 20, kazi ambayo mtaalamu na hadubini huifanya kwa siku nne. Ni kweli. Lakini dakika 20 ni za kunusa, na kati ya kunusa na simu kumfikia mgonjwa kuna maabara, kuna karatasi, kuna namba ya simu ambayo pengine haipatikani tena.

Mtafiti niliyemfuata kwa mahojiano alikuwa mpole ila mwenye tahadhari. "Nyie mtaandika panya anatibu kifua kikuu," alisema, na nadhani alishaumwa na nyoka. Akataka aisome stori yote kabla haijatoka. Hili ni jambo linalotutesa waandishi wengi: ukikataa, mlango unafungwa, ukikubali, yeye ndiye anakuwa mhariri wako. Ushauri wa Mama ulikuwa wa katikati na mpaka leo naufuata. Nilimwambia, "Dokta, stori siwezi kukutumia. Nitakupigia nikusomee kila namba na kila maneno yako, ukinisahihisha nasahihisha." Nilipompigia alibadilisha neno moja, na akaniongezea kitu ambacho hakukisema siku ya mahojiano, kuhusu jinsi wanavyochanganya sampuli zinazojulikana ili kumpima panya mwenyewe. Mtu akiona unajali namba zake, anafunguka.

Nilimtafuta pia daktari wa kifua kikuu asiyehusika kabisa na mradi. Hilo lilikuwa sharti jingine la warsha, na kwa desturi zetu ni gumu, maana anayeulizwa juu ya kazi ya mwenzake huogopa kuonekana ana wivu. Nikabadilisha swali. Badala ya "unauonaje utafiti huu", nikauliza, "Ungepewa fedha za kununulia kipimo kimoja kwa zahanati yako, ungetaka kujua nini kwanza?" Akazungumza robo saa bila kupumzika.

Mgonjwa ndiye aliyenipa sentensi niliyoipenda kuliko zote. Ni mama wa genge, aliyepimwa akaambiwa hana, kisha akaitwa tena. Aliponielewa kwamba kulikuwa na panya katikati, alishika kiuno: "Kwa hiyo makohozi yangu yamenuswa na panya, ndiyo akasema ninaumwa? Na mume wangu alikuwa anawatega!" Tuliafikiana jina lisitoke wala mtaa, kwa sababu wateja wakisikia kifua kikuu mboga zinabaki.

Jioni moja tukiwa tunasubiri chakula, mwandishi mmoja wa zamani alitusimulia mwaka 2011 kule Samunge, Loliondo, kikombe cha Babu, dawa ya mchungaji mstaafu iliyodaiwa kuponya magonjwa sugu, kwa shilingi 500. Alikuwepo. Alituma stori za urefu wa foleni ya magari, za bei ya maji njiani, za vigogo waliofika. "Tulihesabu magari," alisema, "waliorudi nyumbani wakapima tena hatukuwafuata." Hakuna aliyetia neno. Mimi nilikuwa nafikiria ni stori ngapi za mtindo huo zinapita kwetu kila mwezi, ndogo ndogo, za dawa ya nguvu na majani ya kushusha sukari.

Rasimu yangu ya kwanza ilirudi imejaa wino. Mama hakugusa sayansi. Alifuta kila "imebainika", kila "wataalamu wanasema", na pembeni kaandika: nani? Aya iliyoeleza hadubini aliizungushia duara, akaniambia nimsomee mlinzi wa getini kwa sauti. Mlinzi alinisikiliza vizuri hadi nilipofika "unyeti wa kipimo", akaangalia simu yake. Nikaandika badala yake: kati ya wagonjwa kumi waliopo, kipimo kinawaona wangapi.

Vita kubwa ilikuwa ofisini. Mhariri wangu alitaka kichwa "Panya kiboko ya TB". Tulivutana, tukakubaliana "Panya akisema ndiyo, maabara yasema subiri". Nafasi ilipobana akataka kuondoa aya ya mwisho, ile inayosema anayekohoa wiki mbili au zaidi aende kituo cha afya, na kwamba kupima na matibabu kwenye vituo vya umma ni bure. Nikamwomba amwondoe Magawa na nishani yake. Akaguna, akamwondoa.

Sasa hivi niko kwenye sumukuvu, sumu ya ukungu wa kwenye nafaka, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Nina taarifa mezani inayotaja asilimia ya sampuli za mahindi "zilizokutwa na sumukuvu". Kukutwa nayo ni jambo moja, na kuvuka kiwango cha Afrika Mashariki cha mikrogramu 10 kwa kilo ni jingine, na taarifa haisemi ni lipi kati ya hayo mawili. Nimewaandikia kuomba jedwali lote. Wameniuliza kwanza kama nitakuja kwenye uzinduzi, kutakuwa na mgeni rasmi.