Pizza tamu, ila kurudi nyumbani sasa

Jamani kuna mgahawa wa Kitaliano hapa Moshi, jina naliacha, pizza yao ni noma, oveni ya kuni, ukikaa karibu na kaunta unamuona jamaa anaizungusha na lile koleo refu, kingo zinavimba zinapata madoa meusi, hajamaliza hata stori na mwenzake imeshatoka. Napoli kwenyewe, kule Italia pizza ilikotoka, oveni inafika kama nyuzi 450 na pizza inaiva ndani ya dakika moja na nusu hivi, kwa hiyo ikikaa humo robo saa ujue unauziwa mkate.

Pasta sasa, tulisubiri mpaka njaa ikakata. Mzee wa meza ya jirani akaanza kumfokea dada anayehudumia, eti mbona pasta yake ya carbonara haina krimu, dada wa watu akamwelewesha taratibu, na shikamoo juu, kwamba ya Roma ni mayai, jibini na nyama ya nguruwe, krimu haimo. Mzee kanuna, ila sahani kaimaliza na pilipili kaomba!

Wakati wa kulipa dada akaniambia wateja hawamchoshi, shida ni kurudi kwake Pasua usiku, daladala zimeisha na boda inakula tipu yote. Bosi habari za usafiri hataki hata kusikia.