Kabla hujamlipa dizaina wa websaiti, uliza vitu vitaandikwa jina la nani

Mtu akitaka websaiti kitu cha kwanza anauliza "unamjua dizaina mzuri?" halafu hapohapo "anachukua shingapi?" na mi sina shida na hayo maswali, yana umuhimu wake, ila kuna swali moja nataka litangulie yote: siku wewe na huyo dizaina mkiachana, utabaki na nini mkononi? Kuachana kupo tu. Atapata ajira, atahama, atabadilisha fani, au wewe mwenyewe utataka mtu mwingine, na siku hiyo websaiti inatakiwa iendelee kufunguka kama kawaida. Nimeshaona watu wamelipa hela yote mpaka senti ya mwisho halafu dizaina akipotea ndo wanagundua domeini imeandikishwa kwa jina lake, hostingi (ile huduma ya kompyuta ya mtandaoni websaiti inapokaa) iko kwenye akaunti yake, paswedi anazo yeye, na simu hapokei. Inaniuma kwa sababu ni kitu kinachozuilika kabisa siku ya kwanza, na mara nyingi dizaina hakuwa hata na nia mbaya, alifungua kila kitu kwenye akaunti yake ili kazi iende haraka tu.

Tuanze na domeini, yaani lile jina watu wanaloandika ili wakupate. Domeini hainunuliwi ikawa yako milele, unaisajili kwa kampuni ya usajili (hapa naiita msajili) kuanzia mwaka 1, na zile za .com mwisho miaka 10 kwa mkupuo, muda ukiisha unalipia tena. Na mwenyewe ni yule aliyeandikwa kwenye usajili. Siyo aliyetoa hela, siyo mwenye biashara, siyo mwenye logo. Unaweza kuwa na risiti zote za kumlipa dizaina na bado kwenye usajili jina ni lake, kwa hiyo wa kuihamisha ni yeye, na wa kuiacha ife ni yeye.

Hili la kufa wengi hawalijui linavyokwenda. Kwa majina ya .com, muda ukiisha msajili anaweza kukupa siku za neema, mwisho 45, za kulipia kama kawaida, halafu zinakuja siku 30 za kulikomboa ambapo bei inapanda sana, halafu siku 5 za kusubiri kufutwa, baada ya hapo mtu yeyote duniani anaweza kulichukua. Na wasajili wengi hata hawasubiri huko mwisho, jina likishaisha muda wanaliweka mnadani. Sasa zile imeili za kukumbusha ulipe zinaenda wapi? Kwenye anwani iliyoandikwa kwenye usajili, ambayo ni ya dizaina aliyehama na labda hata haifungui tena, wewe huna habari mpaka asubuhi moja mteja anakwambia websaiti yako haifunguki, na imeili zako za kazi nazo zimekatika kwa sababu zinatumia jina hilohilo.

Kwa hiyo fungua akaunti ya msajili wewe mwenyewe, kwa jina lako au la biashara yako, ulipe mwenyewe, kisha ndo umpe dizaina ruhusa ya kuingia kufanya kazi yake, wasajili wengi wana njia ya kumpa mtu ruhusa bila kumpa paswedi. Na tafadhali imeili utakayojisajilia isiwe ile inayotumia domeini hiyohiyo, maana domeini ikizima na imeili inazima, utabadilishaje paswedi sasa? Dizaina anayeelewa kazi hatakataa hili, wengine watashukuru kabisa maana unawapunguzia mzigo wa kukumbuka domeini za watu. Anayeanza kuzungukazunguka hapa, "we niachie tu mimi, usijali", mi kwangu mazungumzo yameishia hapo, hata kama kazi zake zinavutia vipi.

Halafu muulize atajengea juu ya nini. WordPress ipo tangu 2003, ni programu ya bure ya kujengea websaiti ambayo msimbo wake (code) uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha, na zaidi ya asilimia 40 ya websaiti zote duniani ziko juu yake, maana yake ni kwamba akiondoka yeye hukosi mtu mwingine wa kuendelea. Huduma kama Wix ni rahisi kwa mtu anayetaka kujihudumia mwenyewe na siyo mbaya, ila ujue mapema kwamba websaiti uliyoijenga pale huwezi kuibeba nzimanzima ukaiweka kwenye hostingi nyingine, ukihama unajenga upya. Na akisema anatumia mfumo alioutengeneza mwenyewe, muulize bila aibu: kesho usipokuwepo nani anaweza kuurekebisha? Jibu likiwa hakuna, ushajua.

Kuhusu kazi zake za nyuma, picha usizikubali. Picha ya websaiti kila mtu anaweza kukutumia na yote itapendeza. Omba linki, zifungue kwenye simu, tena kwa bando siyo kwa waifai, na utumie vidole kama mteja wa kawaida: bonyeza menyu, jaza ile fomu ya mawasiliano, angalia maandishi yanasomeka ukiwa juani. Google ilitangaza mwaka 2023 kwamba imekamilisha kuhamia kwenye utaratibu wa kuzisoma websaiti kwa muonekano wake wa simu, kwa hiyo websaiti inayopendeza kwenye laptopu na kukwama kwenye simu inakukosesha wateja na Google vilevile. Kama unataka kupima, iko PageSpeed Insights ya Google, ni bure, unaweka linki inakupa majibu, angalia ile sehemu inayosema kitu kikubwa kuliko vyote kwenye ukurasa kinachukua muda gani kuonekana, ikizidi sekunde 2.5 ujue Google yenyewe inaona bado haijafika pazuri. Halafu watafute wenye hizo websaiti uwaulize mambo mawili tu, je baada ya kulipwa aliendelea kupokea simu, na je wao wenyewe wanaweza kubadilisha bei au picha bila kumpigia. Haya majibu mawili nayaamini kuliko nyota na sifa alizobandika kwenye ukurasa wake.

Msikilize pia anavyoongea siku ya kwanza. Dizaina anayekutajia bei na kuanza kazi kabla hajakuuliza nani ataingia kwenye hiyo websaiti na akifika anatakiwa afanye nini, ni kama fundi nguo anayekata kitambaa kabla hajakupima. Mzuri atakuchosha kwa maswali, nani ataandika maneno, picha ziko wapi, nani ataisasisha baada ya mwezi, na hapo kwenye maneno ndo kazi nyingi zinakwama, mteja anadhani dizaina ataandika, dizaina anadhani mteja ataleta, miezi inapita wote wanasubiriana. Akikuahidi kuwa wa kwanza Google, uwe makini, Google wenyewe wanasema hakuna anayeweza kukuhakikishia hilo. Na akikuwekea kwenye bei cheti cha usalama, kile kinacholeta https, kama kitu cha gharama kubwa, muulize kwa nini, maana shirika la Let's Encrypt linavitoa bure tangu 2015 na kwa websaiti ya kawaida kinatosha kabisa.

Mambo ya maandishi najua hayapendwi, hasa kama dizaina ni mdogo wako au rafiki wa rafiki, unaona kama unamkosea heshima. Andikeni tu, hata ukurasa mmoja. Kurasa ngapi, marekebisho mara ngapi yamo ndani ya bei, malipo kwa awamu zipi, na hakimiliki inakuwa ya nani, kwa sababu nchi nyingi sheria inasema kazi aliyobuni mtu wa nje usiyemwajiri ni yake huyo mbunifu mpaka muandike vinginevyo. Picha na fonti nazo muulize kazitoa wapi na kama zina leseni, kwani mwenye picha akija kudai anaweza kumdai mwenye websaiti, ambaye ni wewe. Na kwa upande wako mtendee haki, mpe malipo ya awali maana naye anakula, na ukishakubali muundo halafu ukataka ubadilishwe wote, hiyo ni kazi mpya, ilipie.

Malipo ya mwisho yasubiri siku ya makabidhiano. Mkae pamoja, hata kwa simu ya video, uingie wewe mwenyewe kwa msajili, kwenye hostingi, kwenye ukurasa wa usimamizi, kila mahali, ubadilishe paswedi mwenyewe akiwa anaona, na akaunti yako iwe na mamlaka kamili siyo ile ya kuandika makala tu. Chukua bakapu nzima, yaani nakala ya websaiti yote, mafaili pamoja na kanzidata (pale maandishi na taarifa za websaiti zinapohifadhiwa), uishushe kwenye kompyuta yako, na umuombe akuonyeshe inavyorudishwa, kwa sababu bakapu ambayo haijawahi kujaribiwa huwezi kujua kama inafanya kazi. Kama atabaki kukuhudumia mfungulie akaunti yake ya pembeni ambayo unaweza kuifunga muda wowote. Na angalia zile namba za kuthibitisha zinazotumwa mtu akitaka kuingia zinakuja kwenye simu ya nani, hili linasahaulika sana, unaweza kuwa na paswedi zote na bado ukabaki mlangoni kwa sababu namba iliyoandikwa pale ni ya dizaina.